Sekunde Kumi Kabla ya Kukanyaga

Mlio ulitoka kwenye spika zote mbili kwa pamoja, pwaa, kama mlango wa bati uliobamizwa na upepo, na mtoto aliyekuwa amelala mgongoni kwa mama yake benchi la tatu akashtuka akaanza kulia. Kijana wa gitaa la solo alikuwa amekanyaga tu. Ubeti wa pili ulikuwa umekwisha, kiitikio kinaanza, na hapo ndipo tulipokubaliana kwamba sauti ya gitaa ibadilike, iwe na ukwaruzo, ipande juu ya waimbaji wote. Ilibadilika kweli, na ilikuwa nzuri. Ila hakuna aliyeisikia, maana macho ya kanisa zima yalikuwa bado kwenye spika.

Kidude kilichokuwa chini ya mguu wake nilikitengeneza mimi, mezani kwangu hapa Kinampanda, na nilikitengeneza kwa mpango. Katika daftari la kwaya, ukurasa unaofuata mapato ya harambee ya sare, kuna andiko la mradi kwa mwandiko wangu: lengo, vifaa, gharama, muda, msimamizi, matokeo yanayotarajiwa. Gharama shilingi 55,000. Muda wiki nne. Kwenye matokeo niliandika kwamba sauti ya gitaa itabadilika kwa kukanyaga mara moja na itarudi kwa kukanyaga tena. Kila neno la sentensi hiyo lilitimia Jumapili ile. Fedha zilitosha, wiki nne hazikupita. Mkaguzi yeyote angeweka tiki na kwenda zake, na kwaya ingebaki na kitu ambacho mpigaji anaogopa kukigusa.

Nimekaa kwenye kamati za miradi miaka mingi, ya madarasa, ya maji, ya nyumba za walimu, na hali hii naifahamu: andiko limetimia, mradi haufai. Sikuwahi kuipata ikiwa ndogo kiasi cha kushikika kiganjani na kufunguliwa kwa bisibisi. Ndiyo sababu ya kuiandika.

Watanzania wengi wanaoifahamu Kinampanda wanaifahamu kwa chuo chake cha ualimu. Ni kata ya Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, juu kwenye uwanda ambako upepo haukatiki na Julai watu hukoka moto asubuhi. Watu wanalima alizeti, mtama, viazi vitamu. Duka la vyombo vya muziki hakuna, wala halikutarajiwa kuwapo. Kitu kisichopatikana Singida mjini kinaagizwa Kariakoo, kinapanda basi la Mwanza usiku, na mtu anakwenda kukisubiri Misigiri kwenye barabara kuu. Swichi ya kukanyaga ilikuja hivyo, imefungwa ndani ya soksi. Vingine vyote nilivitoa kwenye redio mbovu tatu nilizopewa na majirani.

Kwa nini tusinunue pedali iliyo tayari? Bei ilikuwa nje ya uwezo wetu, hilo la kwanza. La pili, nami nalithamini zaidi, kijana mwenyewe alitaka kuona kilichomo ndani. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, ana masikio makali kuliko yangu, na alikuwa amechoka kupiga gitaa lenye sauti moja tangu ibada inaanza mpaka inakwisha.

Ukwaruzo aliokuwa akiutaka una historia inayonifurahisha kila nikiieleza, kwa sababu ulianza kama ubovu. Mjini Nashville, Marekani, wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, njia moja ya mixa iliharibika na gitaa la besi la Grady Martin likatoka likinguruma kama nyuki ndani ya chupa. Waliiacha sauti ile ndani ya wimbo. Watu wakaipenda, na fundi mitambo, Glenn Snoddy, akakaa kutafuta namna ya kuuzalisha ubovu ule kwa makusudi. Mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaanza kuuza kisanduku chake kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Miaka minne baadaye London ikatoa cha kwake, Fuzz Face, kisahani cha chuma chenye transista mbili tu, rezista nne na kapasita tatu. Mchoro niliofuata mimi ni wa ukoo huo. Unaingia kwenye nusu ukurasa wa daftari la mistari.

Huku kwetu sauti chafu nayo ilikuwa na wenyewe. Kinshasa, Mawangu Mingiedi aliunda Konono No. 1 miaka ya 1960 kwa kupitisha likembe, yaani marimba ya vidole, kwenye vinasa sauti vya kujitengenezea, sumaku zikiwa zimetolewa kwenye vipuri vya magari chakavu. Mngurumo uliotokana na vifaa hivyo ukawa ndio utambulisho wa bendi, na baadaye ukapendwa hadi Ulaya. Kwa bendi za dansi za Tanzania mambo yalikuwa tofauti kidogo. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, na Mlimani Park, iliyoanza 1978, baadaye ikawa chini ya DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki aliajiriwa, gitaa lilikuwa la mwajiri. Baada ya Vita vya Kagera fedha za kigeni zikaadimika, na kipuri kilichokufa hakikuja kingine. Magitaa yale tunayoyasifia mpaka leo kwa uwazi wake yalipigwa kupitia vyombo ambavyo mafundi waliviunga na kuviunga tena. Majina ya wapigaji tunayakumbuka. Ya mafundi wale sijayaona yakiandikwa popote, na ninaona ni deni.

Nirudi mezani.

Baada ya ibada kijana alikuja nyumbani na pedali mkononi, ameishika kama mtu aliyeokota ndege aliyevunjika bawa.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Pole na ya leo.”

“Asante. Mwalimu, hii kitu ikikaa kimya muda mrefu ndiyo inapiga. Nikikanyaga, nikazima, nikakanyaga tena harakaharaka, ya pili hainung'uniki.”

Nikamwambia tutaangalia. Kisha nikaanza kuangalia mambo mengine kabisa. Alikuwa ameniletea jibu zima mlangoni, kwa sentensi mbili, nami nikalipokea kama salamu. Nilikuwa nimekwisha amua kwamba shida ni umeme wa chaja.

Sikuamua bila sababu. Chaja za bei nafuu huvujisha mtetemo wa umeme wa ukutani, na huku volti zinapanda na kushuka. Nikaweka betri ya volti 9. Pwaa. Nikashuku maungio yangu ya lehemu, nikayapasha moto yote upya, kazi ya jioni nzima. Pwaa. Nikashuku swichi yenyewe. Swichi hizi zina miguu tisa iliyobanwa ndani ya plastiki, na ukikaza moto juu ya mguu mmoja plastiki inalainika, vijisahani vya ndani vinahama na kugusana vibaya. Nikaipima mguu kwa mguu. Ilikuwa nzima. Nikashuku kopo la pedali, nikalisugua rangi ndani ili waya wa ethi uguse chuma kitupu. Pwaa.

Siku nne zilikwenda hivyo. Kila nilichokirekebisha kilistahili kurekebishwa, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu mtu hujiona anasonga mbele. Mchoro ulikuwa mbele yangu ukutani, nimeubandika kwa gundi, na nilikuwa nikiufuata mstari kwa mstari kuhakikisha kwamba kifaa kinafanana nao. Kilifanana. Sikuwa nimefikiri kwamba mchoro wenyewe una kitu unachokinyamazia.

Mchoro wa pedali huonyesha hali mbili. Hali ya kwanza, gitaa linapita pembeni na kwenda moja kwa moja kwenye amplifaya. Hali ya pili, gitaa linapita kwenye transista. Kila hali inachorwa kwa ukamilifu, kila waya una mwanzo na mwisho. Kinachotokea katika chembe ya sekunde mguu unapotoka kwenye hali moja kwenda nyingine hakichorwi. Na kinachotokea ndani ya sakiti wakati imeachwa pembeni, haitumiki, hakuna anayeitazama, hakichorwi vilevile.

Ninapofika hapo siwezi kuacha kuifikiria Kongwa. Si mbali na sisi, iko mkoa wa jirani wa Dodoma. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilituma timu ya John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ije kuangalia ardhi ya kulima karanga. Walikaa wiki tisa, sehemu ya kazi wakiifanya angani kwa ndege. Mpango uliotoka ulikuwa wa zaidi ya ekari milioni 3, na Kongwa ikawa pa kuanzia mwaka 1947. Mwaka wa kwanza zilitakiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Trekta zilikufa kwenye mizizi ya vichaka na kwenye mibuyu. Lakini kisa kinachonikaa moyoni ni cha udongo. Wakati wa mvua ule udongo unafukulika. Mvua zikikatika, mfinyanzi uliomo unakauka na kuwa kama tofali, karanga zimo chini, na kuzitoa ni kazi ya kupasua mwamba. Mpango uliijua ardhi. Uliijua ikiwa imetulia katika hali moja. Wagogo walioishi pale waliujua ule udongo ukiwa unageuka, na wangeweza kusimulia kwa sentensi mbili. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba basi, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimeondoka.

Jioni ya tano kijana alikuja na kukaa sakafuni, gitaa limeunganishwa, pedali iko wazi mezani mbele yangu. Nilichoka kubahatisha, nikachukua mita. Yangu ni ile ya njano, ya bei ndogo, inayouzwa kila duka la umeme. Nikabana waya mweusi kwenye ethi na waya mwekundu kwenye mguu wa nje wa kapasita ya mwanzo, ile inayopokea sauti ya gitaa. Pedali ilikuwa imezimwa. Mguu ule unapaswa kusoma sifuri.

Ulisoma 0.2.

Nikamwambia akanyage. Akakanyaga. Ikatoka “tup” ndogo, kama kidole kikigonga meza. Tukatazamana. Nikatoa waya za mita, nikamwomba azime, asubiri, akanyage tena. Pwaa. Nikarudisha waya za mita. Tup. Tulifanya hivyo mara nane au tisa, mke wangu akaja mlangoni kuuliza kama tuna wazimu. Chombo nilichokileta kupimia ugonjwa ndicho kilichokuwa kinautuliza.

Maelezo yake ni haya, na ninayaandika kwa utaratibu kwa sababu yatamfaa yeyote atakayejaribu. Kapasita ya mwanzo ina kazi ya kupitisha mtikisiko wa sauti na kuuzuia umeme tulivu wa betri usirudi nyuma kwenye gitaa. Ndani, upande wa transista, kuna umeme tulivu wa kama volti 0.6. Kapasita nzima huuzuia. Hii niliitoa kwenye redio ya kale, na kapasita za aina ile, zile za mkebe zenye dawa ndani, zikizeeka huvuja. Uvujaji wenyewe ni mdogo mno. Pedali ikiwa inafanya kazi haudhuru chochote, kwa kuwa mguu wa nje umeunganishwa na gitaa, na koili ya gitaa inaupeleka ule umeme kwenye ethi kabla haujajikusanya. Lakini pedali ikizimwa, swichi inaukata mguu ule kutoka kwenye gitaa. Unabaki unaning'inia. Haujaunganishwa na kitu. Umeme unaovuja unaufikia polepole, unakusanyika, sekunde baada ya sekunde, mpaka unakaribia volti 0.6. Kisha kijana anakanyaga, mguu unaunganishwa ghafla na gitaa, na akiba yote ile inaporomoka kwenye ethi kwa mkupuo mmoja. Sauti ya gitaa lenyewe ni kama sehemu moja ya kumi ya volti. Kwa hiyo transista zinapigwa na kitu kikubwa mara kadhaa kuliko muziki, nazo zimetengenezwa kukikuza kila kinachozifikia.

Ndiyo maana mlio wa kwanza baada ya kimya kirefu ulikuwa mkubwa, na wa pili wa harakaharaka ukawa mdogo, akiba ilikuwa haijapata muda wa kujaa. Tulipima kwa saa ya ukutani. Sekunde mbili, mlio wa wastani. Sekunde kumi, umekamilika, na hata ukisubiri dakika nzima hauongezeki sana. Na mita? Ndani ya mita yangu, kati ya waya mwekundu na mweusi, kuna ukinzani wa kama megaomu 1. Nilipoibana pale niliupa ule mguu unaoning'inia njia ya kwenda ethi, nyembamba sana, isiyoweza kuidhuru sauti, ila inayotosha kuuondoa umeme mwingi kila unapovuja. Hata ile 0.2 niliyosoma ilikuwa mabaki. Bila mita pale palikuwa na zaidi, na hakukuwa na njia ya kuiona kwa mita ile bila kuipunguza.

Hapo nilinyamaza muda mrefu, na kijana nadhani alifikiri nimechukia. Nilikuwa nimekumbuka bomba.

Kuna kijiji ambacho nilikuwa katibu wa kamati ya maji. Tulipata mradi wa bomba la kutoka kisima kirefu kwenda kwenye tangi, likipanda na kushuka vilima viwili. Siku ya makabidhiano maji yalitoka, vigelegele vikapigwa, picha zikapigwa. Baada ya wiki chache viungo vya bomba vilianza kupasuka, kila mara asubuhi. Tukalaumu viungo, tukalaumu gundi, tukamlaumu kijana mwendesha pampu. Wakaguzi walikuja mara mbili. Kila walipokuja, pampu iliwashwa tangu alfajiri kwa heshima yao na ikaachwa inaunguruma mchana kutwa, na kila walipokuja hakuna kilichopasuka. Waliandika kwamba mfumo unafanya kazi.

Tulikuja kujua kwa mzee mmoja mchunga ng'ombe, ambaye njia yake ilipita juu ya kilima cha pili. Alisema alfajiri, pampu inapoanza, bomba linapumua. Pampu ilipozimwa jioni maji yalirudi chini, hewa ikaingia na kujaa kwenye kile kilele, ikalala humo usiku kucha. Asubuhi maji yanakuja kwa kasi, yanaisukuma hewa, hewa haina pa kutokea, mshindo unatafuta kiungo dhaifu. Mchoro wa awali ulikuwa na valvu ya kutolea hewa pale juu. Ilifutwa wakati wa kubana bajeti, na nilikuwapo kwenye kikao, na sikupinga, kwa kuwa aliyewasilisha alisema kifaa kile hakipitishi maji kwenda popote. Ni kweli hakipitishi. Kazi yake ni ya dakika chache kila siku, bomba linapotoka kwenye utupu kwenda kwenye kujaa. Nilijilaumu kwa hilo na bado najilaumu.

Pedali nayo ilihitaji valvu yake, kitu cha kufanya kazi iliyofanywa na mita. Rezista ya megaomu 1 duka la redio Singida huuzwa kwa bei ya pipi. Moja ilikuwemo kwenye redio ya tatu, yenye mikanda ya kahawia, nyeusi na kijani. Nikailehemu kati ya tundu la jeki na ethi, sehemu ambayo katika mchoro wangu hakuna kitu. Haipitishi sauti kwenda popote. Upande wa kutokea nilikagua nikakuta hauhitaji, kwa sababu kitasa cha volyumu chenyewe tayari kina njia ya kwenda ethi. Aliyebuni mchoro wa 1966 alipata ulinzi huo bila gharama. Wengine huifunga swichi ili ipeleke mlango wa sakiti kwenye ethi pindi pedali inapozimwa. Ni njia nzuri. Niliiacha kwa kuogopa kuipasha swichi moto tena, Misigiri ni mbali.

Mlio ulipungua sana, lakini haukuisha, na haukupaswa kuisha. Kapasita ilikuwa bado inavuja, na umeme unaopita kwenye rezista mpya ulikuwa unaacha volti kidogo pale pale. Kuupa uchafu mfereji hakumaanishi kwamba umeziba chanzo. Nilihitaji kapasita isiyovuja kabisa, ya utando wa plastiki, ya mikrofaradi 2 na zaidi, na ya namna hiyo ndani ya redio hakuna. Kijana ndiye aliyeuliza kama kapasita ya feni inafaa. Feni ya mezani iliyoungua ilikuwa uvunguni mwa kitanda chao. Ndani yake mlikuwa na kijitofali cheusi kimeandikwa 2.5. Ni kikubwa kama kiberiti, kimezidi vingine vyote ndani ya kopo, ikabidi betri isogezwe na kifuniko kifungwe kwa kubonyeza. Tukasubiri dakika nzima kwa saa. Akakanyaga. Gitaa likabadilika sauti, hakuna mshindo.

Kisha tukasikia mlio mwingine. “Tik”, mkali, mwembamba, kila pedali inapowaka. Ulikuwepo tangu siku ya kwanza, umefunikwa na mkubwa wake. Nilikata tamaa kwa muda, maana nilishatangaza moyoni kwamba nimemaliza. Safari hii nilimuuliza kijana kwanza.

“Huu mwalimu haujali umekaa muda gani. Ni uleule kila mara. Na unakuja na taa.”

Nikang'oa waya mmoja wa ile taa nyekundu ya LED inayoonyesha kwamba pedali imewashwa. Akakanyaga gizani. Kimya. Nikarudisha waya, tik ikarudi. Niliiweka taa ile kwa pendekezo la mwenyekiti wa kwaya, aliyetaka kuona toka kiti chake kama kifaa kimewaka, na niliilisha kwa rezista ya kilo-omu 1, yaani karibu miliampea 7, na nikaunganisha ethi yake kwenye kipande kilekile cha waya kinachobeba ethi ya sauti. Transista zenyewe zote mbili hazitumii hata nusu ya umeme huo. Kila taa ilipowaka waya ule mwembamba ulibebeshwa mzigo ghafla, ethi ya sauti ikatikisika, sikio likasikia. Tuliipa taa waya wake peke yake hadi kwenye betri, na rezista ya kilo-omu 4.7. Ikafifia kidogo. Mwenyekiti alikubali kusogea benchi moja mbele.

Kilichobaki ni sauti ya swichi yenyewe, chuma juu ya plastiki chini ya soli ya kiatu. Hiyo haipiti kwenye spika. Nimeiacha, na ninaipenda, inamwambia mpigaji kwamba mguu umefika.

Jumapili iliyofuata sikukaa nyuma karibu na mixa kama kawaida yangu, nilikaa benchi la tatu. Ubeti wa pili ukaisha. Sauti ikapanda kama mtu aliyesimama kutoka kwenye kiti, na yule mtoto aliendelea kulala. Mama yake hakujua kilichotokea, wala hapakuwa na sababu ya kujua. Kwenye daftari la kwaya nimefuta sentensi yangu ya matokeo kwa mstari mmoja, ili bado isomeke, na chini yake nimeongeza rezista kwenye mchoro kwa kalamu nyekundu, tarehe, na muda tulioupima: sekunde 10.

Mvua zilianza Desemba. Wiki ya pili ya mvua kijana akanipigia simu usiku, akasema mlio umerudi, mdogo sana, huenda unyevunyevu umeingia kwenye kopo kupitia kile kifuniko kisichofunga sawasawa. Nikamwambia nitapita kesho jioni baada ya vipindi. Nilipofika nilimkuta barazani, kopo amekwisha lifungua mwenyewe na kulikausha juani, mita yangu ya njano aliyoiazima iko pembeni yake, haijabanwa popote. Pedali ilikuwa imezimwa. Alikuwa ameinua kiganja kunizuia nisiseme kitu, anahesabu kwa midomo bila sauti. Nilisimama kwenye ngazi nikingojea. Alipofika kumi, akakanyaga.